Maswali ya Wasomaji: Kichaka Kinachochanua Bila Kuzaa

SWALI: Chini ya miti mikubwa inayozuia jua karibu siku nzima, nimepanda vichaka viwili vya Lindera benzoin, mmea wa asili wa misitu ya mashariki mwa Marekani. Vina afya, na kila mwaka hutoa maua madogo ya manjano kabla ya majani kuchipua, lakini sijawahi kuona tunda hata moja. Nimeongeza mbolea bila mafanikio. Je, kivuli kimezidi? Tena kuna viwavi wanaokunja majani. Je, nipulize dawa?

JIBU: Ndugu msomaji, mbolea iache, kwa maana kichaka kinachochanua kila mwaka hakina njaa. Cha kuchunguza kwanza ni jinsia. Mmea huu, ambao ni wa familia moja na mparachichi na mdalasini, una dume na jike kama ulivyo mpapai: jike ndilo linalozaa, nalo huhitaji dume la karibu linalochanua wakati uleule, ili nzi na nyuki wadogo wapate kusafirisha chavua. Inaelekea vichaka vyako vyote viwili ni vya jinsia moja. Vikichanua tena, chukua lenzi ya mkononi ukague maua. Ua dume lina stameni (viungo vya kiume vya ua) tisa zenye chavua, ilhali ua jike lina ovari (kifuko cha mbegu) moja katikati, iliyozungukwa na stameni dhaifu zisizotoa chavua yoyote. Hata kwa mbali dume huonekana la manjano zaidi, kwa kuwa maua yake ni makubwa kidogo.

Ukishajua ulicho nacho, tafuta kinachokosekana. Dume moja hutosha majike kadhaa. Miche iliyooteshwa kwa mbegu haitambuliki jinsia mpaka ichanue, na hilo huchukua miaka. Kwa hiyo ulizia kwenye vitalu miche ya vipandikizi vilivyotoka kwenye mmea unaojulikana jinsia yake, au, kama ningependelea mimi, nunua mche ukiwa na maua ili ujionee mwenyewe. Chagua mche mdogo wa kwenye chungu, kwa sababu kichaka kikubwa kilichong'olewa hupona kwa shida.

Kivuli nacho kina sehemu yake, ingawa si chanzo cha tatizo lako. Kichaka hiki huishi katika kivuli kizito, lakini kuishi si kuzaa kwa wingi. Penye mwanga unaopenya kati ya matawi huwa kinene na chenye maua mengi zaidi. Jambo linalosahauliwa ni kwamba katika misitu yake ya asili miti mirefu hupukutisha majani, hivyo maua hufunguka mwanzoni mwa majira ya kuchipua huku jua likifika chini bila kizuizi. Ikiwa miti yako haipukutishi majani, mwanga huo wa mapema haupatikani, na kuondoa matawi machache ya chini kutasaidia kuliko mfuko wowote wa mbolea. Ukitaka kupogoa kichaka chenyewe, subiri maua yaishe, kwa kuwa vichipukizi vya maua hujitokeza tangu mwaka uliotangulia na anayekata wakati wa baridi huvikata pamoja na matawi.

Chini ya miti mikubwa adui halisi ni ukavu, kwani mizizi ya miti hiyo hunywa kwanza. Weka matandazo ya majani yaliyooza bila kuyagusisha na shina, na mwagilia miche mipya katika kiangazi cha mwanzo.

Kuhusu viwavi, usipulize dawa. Kiwavi anayekunja jani kwa nyuzi zake na kujificha ndani, mwenye madoa mawili makubwa mfano wa macho ya nyoka, ni wa kipepeo Papilio troilus, ambaye hutegemea mmea huu na jamaa zake wachache. Hula majani kadhaa tu, na kichaka chenye afya hakidhuriki. Dawa ingewaua pia wale nzi na nyuki wadogo, na hata ukiwa na dume na jike, matunda mekundu unayoyasubiri yasingepatikana.