Maswali ya Wasomaji: Ndoto Isiyokaa, Saa Inayorudi Nyuma na Maandishi Yasiyolipwa

Kwako Mhariri, mimi huota karibu kila usiku. Nikifumbua macho ndoto huwa bado ipo nzima, na watu wake na maneno yao, lakini kabla sijamaliza kuwasha jiko la chai huwa imetoweka yote. Nyanya yangu hushikilia kwamba ndoto inayotoweka haikuwa na ujumbe, kwa hivyo nisihangaike nayo. Je, ni kweli? Na mbona hutoweka upesi hivyo?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Nitaanza na swali lako la pili, maana ndilo lililochunguzwa zaidi. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho ya aliyelala huchezacheza upesi chini ya kope, na kwamba mtu akiamshwa katika kipindi kama hicho, mara nyingi huwa na ndoto ya kusimulia. Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na vipindi hivyo huwa vifupi usiku unapoanza na virefu kunapokaribia kucha. Ndiyo maana ndoto ndefu zenye visa na mikasa huwa ni zile za alfajiri, ambazo jogoo au adhana huzikatiza. Wakati huo huo kemikali ya ubongo iitwayo noradrenalini, ambayo ni mojawapo ya zile zinazosaidia kumbukumbu kushika, huwa imeshuka sana, na watafiti wengi wanaona hapo sababu mojawapo ya ndoto kuponyoka. Sasa wewe ukikurupuka kwenda jikoni huku ukiwaza nauli na sare za watoto, mawazo mapya hukifunika kile ambacho hakijashika.

Kwa hivyo unapoamka usiinuke mara moja. Lala vivyo hivyo ulivyokuwa, macho yakiwa yamefumbwa, uirudie ndoto kutoka mwisho kwenda mwanzo, kisha ndipo uchukue daftari. Tena andika kwa mwandiko unaosomeka. Otto Loewi, mwanasayansi aliyekuwa akifundisha Graz nchini Austria, alisimulia kwamba usiku mmoja aliota namna ya kufanya jaribio fulani, akaandika maneno machache kwenye karatasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Bahati yake ni kwamba usiku uliofuata ndoto ilirudi, na safari hii alitoka kitandani moja kwa moja hadi maabara, akalifanya jaribio kwa mioyo miwili ya vyura. Lilithibitisha kwamba neva huupa moyo maagizo kwa njia ya kemikali, na mwaka 1936 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Kuhusu kauli ya nyanya, mimi si mtu wa kubishana na nyanya ya mwenzangu gazetini, ila nitasema kwamba ndoto ya Loewi iliponyoka mara ya kwanza na bado ilikuwa na la maana. Huko Nyanza wapo wazee wengi waliopewa majina yao kwa sababu marehemu fulani alimjia mtu wa jamaa yao ndotoni akitaka akumbukwe kwa mtoto aliyezaliwa. Ndoto za namna hiyo huwa hazisahauliki, kwa kuwa ndoto inayomgusa mtu sana humwamsha, na anayeamka katikati ya ndoto huikumbuka. Huenda nyanya ameliona jambo la kweli, ila akalieleza kwa upande mwingine.

Bwana Mhariri, nina duka la kuchapa na kutoa nakala karibu na stendi ya matatu hapa Nakuru. Kila stima ikipotea, kompyuta ikiwaka tena huonyesha mwaka 2012, na nikifungua tovuti za serikali ili nimhudumie mteja, naambiwa muunganisho si salama. Fundi amesema madabodi imekufa na niandae maelfu ya shilingi. Nifanyeje?
*Mchapaji, Nakuru*

Usitoe hata shilingi moja kabla ya kujaribu hili. Juu ya madabodi, yaani ubao mkuu ulio ndani ya kompyuta, kuna betri ya duara, ya rangi ya fedha, inayofanana na sarafu, na kwenye kompyuta nyingi za mezani huwa imeandikwa CR2032, yaani upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Kazi yake ni kuiendesha saa ya kompyuta wakati hakuna umeme. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, saa hula umeme wa kawaida na betri hupumzika. Umeme ukikatika na betri imekwisha, saa husimama, na stima ikirudi huanza kuhesabu kutoka tarehe iliyowekwa na watengenezaji. Kwako tarehe hiyo iko mwaka 2012.

Hayo ya tovuti kukukataa yanatoka papo hapo. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kwisha, na kivinjari chako hukilinganisha cheti hicho na saa ya kompyuta yako. Kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka 2012 hukiona cheti cha mwaka huu kuwa hakijaanza kutumika, ikakuonya ipasavyo. Ukitaka kuhakikisha, rekebisha tarehe kwa mkono sasa hivi, kisha ufungue tovuti ile ile. Ikifunguka, mgonjwa ni betri, wala si madabodi.

Betri hizo huuzwa kwenye maduka ya saa na ya vifaa vya elektroniki kwa bei ndogo. Zima kompyuta, uchomoe waya wa umeme, ufungue kifuniko cha ubavuni, kisha uguse chuma cha fremu ili kuondoa umeme tuli mkononi. Sukuma kibanio kidogo kando ya betri kwa ukucha, nayo itaruka yenyewe. Weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwasha, huenda ukatakiwa kupanga tarehe na saa upya, na ikiwa kuna mipangilio mingine uliyokuwa umeibadilisha, itabidi uirudishe. Ile ya zamani usiiache mezani hata kidogo, hasa kama wateja wako huja na watoto: mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo kwa ndani katika muda wa saa mbili, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali bila kungoja dalili.

Saa ikiendelea kurudi nyuma hata baada ya betri mpya, hapo mwite fundi, ikiwezekana mwingine. Na kwa kuwa umeme wenu hukatika mara kwa mara, kumbuka kwamba barua unayochapa huwa kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme unapoondoka. Bonyeza Ctrl na S kila baada ya aya, na ukijaliwa, nunua UPS, kifaa chenye betri ya akiba, ili upate dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Mhariri, nimekuwa nikiandika blogu kuhusu mambo madogo madogo: ndoto nilizoota, kompyuta ya ofisini iliyogoma, mvua ya hapa kwetu. Silipwi chochote. Mjomba ananiuliza ninamwandikia nani, na nimekosa jibu. Nimjibuje?
*Kijana, Bungoma*

Kwa upande wa pesa, mjomba wako yuko sawa, kwani matangazo hulipa kwa idadi ya wasomaji, na wanaopata riziki humo ni wachache. Lakini hebu fikiria mtu ambaye kompyuta yake imemwandikia onyo asilolielewa saa tano usiku, mafundi wote wakiwa wamefunga. Hulinakili onyo lile neno kwa neno kwenye Google, na mara nyingi anayemwokoa ni mtu asiyemjua, aliyepatwa na tatizo hilo hilo, akaona si vibaya kulieleza. Ukurasa wako wa kompyuta iliyogoma ni wa namna hiyo, mradi umetaja onyo lilivyokuwa na ulivyofanya hadi ikapona.

Mwambie pia mjomba kwamba kuna wakati maandishi ya watu wa kawaida yaliziba pengo kubwa. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni, mwanasheria Ory Okolloh aliitumia blogu yake kukusanya habari za ghasia za baada ya uchaguzi kutoka kwa wasomaji, na Januari 2008 wazo lake la kuziweka kwenye ramani likazaa Ushahidi, programu ambayo baadaye ilitumika katika nchi nyingi. Wasomaji wetu wa Kisumu na Nakuru hawahitaji kusimuliwa siku zile zilivyokuwa.

Kuhusu ndoto nitakuwa mkweli: ndoto ya mtu humsisimua mwenyewe kuliko msomaji. Ziandike kwa sentensi chache, na utie nguvu kwenye lile ulilolifikiria ulipoamka. Halafu uchunge majina. Justin Hall, mwanafunzi wa Marekani aliyeanza kuandika maisha yake mtandaoni mwaka 1994, aliweka hadharani hata habari za jamaa na wapenzi wake. Nawe kumbuka kwamba shangazi uliyemwota akigombana bado ni shangazi wa kweli, na Bungoma watu wanajuana. Mwisho, hifadhi nakala ya kila andiko kwenye flashi yako, kwa sababu huduma hizi si zako. Yahoo ilipoifunga GeoCities, huduma iliyowawezesha watu kuweka kurasa zao mtandaoni, mwaka 2009, kurasa za watu wengi zilitoweka, na waliobaki na maandishi yao ni wale waliokuwa wamejiwekea nakala na wale ambao kurasa zao ziliwahiwa na watu waliojitolea kuzikusanya.