Shangazi, nibadili jina nihamie Nairobi?

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, naishi Temeke. Baba yangu ni mwigizaji anayejulikana nchi nzima, naomba usimtaje. Mimi pia naigiza, lakini hata bodaboda wa mtaani wananiita kwa jina la yule mhusika wake. Kwenye usaili mmoja nilisema mistari miwili tu, mwongozaji akacheka, akasema 'sauti ya mzee kabisa', nikaambiwa nimepata. Sasa kuna prodyuza anataka nicheze mtoto wa yule mhusika wa baba kwenye tamthilia mpya, na bango liandikwe 'mtoto wa fulani'. Wenzangu wanasema nabebwa. Baba hasemi kitu. Nilipotokea kwenye TV mara ya kwanza alitazama mpaka mwisho, akaniambia umeme wa LUKU unakaribia kuisha, akaenda kulala. Nafikiria kubadili jina nihamie Nairobi nianze upya. Nifanyeje? – Mtoto wa Mzee"

Marahaba mwanangu.

Tuanze na Nairobi, maana hilo ni jepesi. Ving'amuzi vinavyoonyesha tamthilia zetu havisimami mpakani Namanga. Jina utalibadili, hiyo sauti utaiacha wapi? Kama kuna kazi imekuita huko, nenda, na nauli nitakuombea. Kama unakwenda kujificha, kodi ya nyumba itakufikia kabla ya sifa.

Hilo la jina limewasumbua wakubwa kuliko wewe. Mwigizaji Martin Sheen wa Marekani alizaliwa Ramón Estévez. Akiwa kijana alijipa jina la kisanii ili apate kazi, na uzeeni amesema wazi kwamba analijutia. Tazama wanawe wawili wanaojulikana zaidi kwenye uigizaji: Emilio akabaki na Estevez la ukoo, Charlie akachukua Sheen la baba. Wote wawili walipata kazi, na wote wawili hadi leo wanaandikwa "mtoto wa Martin Sheen". Kwa hiyo ukitaka kubadili jina, badili kwa sababu jipya umelipenda. Ukitegemea likufiche, utapoteza ada ya wakili bure.

Ila mtu ambaye ningependa umfikirie zaidi ni Abhishek Bachchan, mwigizaji wa India. Muulize mama yako au shangazi zako kuhusu baba yake, Amitabh, uone watakavyochangamka. Filamu zake zilijaza majumba ya sinema Dar, Tanga, Mombasa na Unguja. Abhishek alianza mwaka 2000 na filamu ya Refugee, halafu zikafuata filamu nyingi zilizoanguka. Miaka minne ya watu kumlinganisha na mzee wake na kumwona si lolote. Mwaka 2004 akacheza jambazi wa mtaani kwenye Yuva ya mwongozaji Mani Ratnam, mtu katili, mkali kwa mkewe, na hapo ndipo waliokuwa wakimcheka walipokaa vizuri kwenye viti. Akapata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi.

Sasa angalia tarehe. Mwaka 2005, yaani baada ya Yuva, ndipo alipocheza mtoto wa Amitabh kwenye Sarkar. Mwaka 2009 wakapindua kabisa: kwenye Paa, Abhishek ndiye baba, na Amitabh ni mtoto wa miaka 12 mwenye maradhi ya kuzeesha mwili. Tena Abhishek alikuwa mmoja wa watayarishaji wa filamu hiyo. Jina la Bachchan lenyewe, kwa taarifa yako, lilianza kama jina la kalamu la babu yake, Harivansh Rai, mshairi maarufu wa Kihindi. Amitabh naye aliwahi kuwa mtoto wa mtu.

Kwa hiyo sisemi usicheze mtoto wa mhusika wa baba yako. Nasema usianze na huyo. Ukianza naye, kila kitakachofuata kitapimwa kwa huyo.

Kuhusu wanaosema unabebwa: wanasema kweli. Kuna kijana ametoka Mbagala alfajiri, amepanga foleni ya usaili tangu saa kumi na mbili, hana baba wa kutajwa. Usibishane naye. Lakini nataka uone kwamba yule mwongozaji aliyekupitisha kwa mistari miwili alikunyima kitu pia. Hakukutazama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe umesifiwa kabla hata hujapanda mnazi. Hujapata mtu wa kukukatiza katikati ya sentensi akakuambia hapo umedanganya. Nenda Bagamoyo, TaSUBa, chuo kilichoanza mwaka 1981, au Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako sanaa za maonyesho zinafundishwa tangu miaka ya 60. Mwalimu mzuri atakurudisha mlangoni uingie tena na tena kwa sababu umeingia kama mtu anayejua kamera imesimama wapi. Atakutia aibu mbele ya wenzako, na ni haki yako kutiwa aibu hiyo.

Tumfikie mzee na LUKU yake. Nimecheka, nisamehe. Lakini mtu asiyejali angebadili stesheni. Yeye alitazama mpaka mwisho. Nadhani amekwama: akikusifu utasema ni kwa vile ni baba, akikukosoa utasema anakuonea wivu. Usimuulize "ulinionaje". Mpelekee ukurasa mmoja wa skripti wenye watu wawili, mwambie, "Baba, nishikie upande wa pili." Watu wengi wa rika lake walipikwa na michezo ya redio na majukwaa, sentensi ikiwa ya uongo masikio yao yanakataa kabla ya akili. Hatavumilia mistari mitano bila kukusimamisha. Mwache akusimamishe.

Na kuna jambo hukulisema kwenye barua, ndilo linalonitia wasiwasi. Je, huyo prodyuza ameongea na mzee? Yule mhusika ni kazi ya baba yako, miaka mingi ya jasho. Mimi naona prodyuza ananunua jina la mzee kwa bei ya kijana. Huenda ukimya wa nyumbani hauhusu uigizaji wako hata kidogo. Huenda mzee amesikia habari za bango mitaani kama watu wengine, na anasubiri mwanawe amwambie mwenyewe.

Mwambie wiki hii, kabla ya kumwaga wino. Kisha muulize ana mkataba gani wa zamani kuhusu yule mhusika, mwende nao pamoja Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, mkaulize nani anammiliki. Prodyuza akisema hawezi kusubiri mpaka mzee aulizwe, mwache aende. Akikubali kusubiri, mwombe nafasi nyingine ndogo kwenye tamthilia hiyohiyo au ijayo, mhusika asiye na undugu na mtu yeyote. Sharti liandikwe kwenye mkataba, si kwa mdomo: bango libebe jina lako ulilopewa, na picha ya mzee isiwepo.