Mishale mingi haimfanyi samaki kuwa mhimili

SWALI: Nimechora mtandao wa chakula wa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, wenye makundi 14, mishale ikionyesha nani anamla nani. Omena (dagaa) ndiye mwenye mishale mingi, 9. Naweza kuandika kwenye tasnifu kuwa ndiye spishi mhimili? – Mwanafunzi, Kisumu

JIBU: Usiandike. Idadi ya mishale hupima jinsi ulivyogawa makundi, si nguvu ya samaki. Umewatia furu wote (samaki wadogo wa spishi nyingi) kwenye kisanduku kimoja? Watenganishe wanaokula mwani, wanaokula konokono na wanaokula samaki, uone orodha inavyopinduka bila hata furu mmoja kuongezeka ziwani.

Spishi mhimili ni ile ambayo athari yake inazidi mno wingi wake. Mwanaikolojia Robert Paine, aliyelileta neno hilo mwaka 1969, aliondoa kiti cha pweza (mnyama wa umbo la nyota anayekula kome) kwenye miamba ya pwani ya Washington, Marekani. Kome wakatanda, na spishi 15 zikabaki 8. Hapo hakuna aliyehesabu mishale. Omena naye ni wengi mno. Akitikisika, wengine watatikisika tu. Huo ni utawala wa wingi.

Kwenye Ecopath, programu ya kuunda modeli za mitandao ya chakula, chukua athari za kundi kwa kila kundi jingine (ondoa athari kwa lenyewe), zipige mraba, jumlisha, tafuta kipeuo: hiyo ni ε. Kisha log[ε(1−p)], p ikiwa sehemu yake ya uzito hai wote. Tuseme omena ana ε 0.9 na p 0.4: unapata −0.27. Mbuta (sangara) mwenye ε 0.8 na p 0.1 anapata −0.14, naye anampita. Kilicho karibu na sifuri au juu yake ndicho cha kuchunguza.

Kabla ya hapo, mlo wa kila mlaji ujumlishe 1, na EE (sehemu ya uzalishaji wa kundi inayoliwa au kuvuliwa) isizidi 1. Ikizidi, samaki analiwa na kuvuliwa zaidi kuliko anavyozalisha. Hapa ndipo ujanja huanzia: mtu anapunguza mlo wa mbuta kwa kubahatisha hadi programu inyamaze! Rudi kwenye data ya matumbo na ya uvuvi. Halafu badilisha milo mikuu kwa asilimia 20 juu na chini. Nafasi ya kwanza ikihama, huna jibu bado.

Ripoti za kulipiwa ndizo mbaya zaidi. Mlo umenakiliwa kutoka ziwa jingine, kamba wa ochong'a hawamo kabisa, na huko Ziwa Nakuru flamingo wanatawazwa mhimili kwa kuwa wako wengi na wanapendeza pichani. Ukiletewa moja, dai jedwali la milo na uzito hai kwa tani kwa kilomita ya mraba. Wakikupa mchoro wa mishale pekee, usilipe.