Maswali yenu kuhusu saratani ya kongosho

Alhamisi ya tatu ya Novemba ni siku ya saratani ya kongosho duniani. Kila inapokaribia ujumbe wenu huongezeka, na mwingi unatoka kwa watu waliokwisha kuzika. Haya ni baadhi ya maswali yenu. Marefu nimeyafupisha.

Baba alitibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi mitano. Macho yalipogeuka njano, majirani wakasema ni homa ya ini, tukampa mitishamba. Alipopimwa vizuri tukaambiwa ni saratani ya kongosho na imeshafika kwenye ini. Alifariki baada ya wiki tano. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye. Ningemkazania aende hospitali kubwa mapema, angepona? (Binti, Morogoro)

Pole sana, mwanangu. Mungu amlaze baba mahali pema.

Nitakujibu kwa ukweli, maana faraja ya uongo haikupi usingizi. Kongosho limekaa ndani sana, nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo. Uvimbe ukianzia pale, daktari akikuminya tumbo haugusi. Dalili za mwanzo ni tumbo kujaa, mgongo kuuma na chakula kutopanda. Zahanati zetu husikia malalamiko hayo kutwa, na mara nyingi kweli huwa ni vidonda. Hata Marekani, kwenye vipimo vya kila aina, wanaogundulika wakati bado wanaweza kupasuliwa ni kama mmoja kati ya watano. Katika kila wagonjwa 100 wa huko, wanaofikisha miaka mitano tangu wagundulike ni kama 13. Hao wana bima, wana mashine, na wengi bado hugundulika wamechelewa.

Siwezi kukuapia kwamba hakuna ambacho kingebadilika. Ninachojua ni kwamba ugonjwa huu huanza miaka mingi kabla ya dalili ya kwanza, na wewe ulimhangaikia baba kwa kile ulichokiona na ulichoambiwa. Hukumwua. Mtu akikwambia vinginevyo msibani au kwenye simu, usimpe nafasi.

Kwa wengine mnaosoma: macho yakiwa njano, mwili ukiwasha, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi na choo kikapauka, hata kama hakuna maumivu, mgonjwa apigwe altrasaundi wiki hiyo hiyo. Wakati mwingine uvimbe wa kwenye kichwa cha kongosho hubana mrija wa nyongo ukiwa bado mdogo, na hapo ndipo daktari wa upasuaji anapopata nafasi. Na mtu aliyevuka miaka 50 akipata kisukari ghafla huku anakonda bila sababu, aulize zaidi. Wengi wa namna hiyo hawana saratani, lakini kuuliza ni haki yao.

Mama na kaka yake wote wamefariki kwa ugonjwa huu. Sisi watoto wanne tuko salama? (Msomaji, Mombasa)

Poleni sana. Karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi ana urithi wa kifamilia, na ndugu wawili wa tumbo moja ni sababu ya kutosha kwenu kumwona daktari wa saratani. Kabla hamjaenda, kaeni na wazee mwaulize nani mwingine aliugua saratani ya matiti, ya ovari au ya tezi dume, kwa sababu jeni iitwayo BRCA2 inaweza kuleta zote hizo ndani ya ukoo mmoja. Familia za namna hii hufuatiliwa kila mwaka kwa MRI au kwa altrasaundi inayopitishwa mdomoni hadi tumboni. Kwa kawaida ufuatiliaji huanza karibu na miaka 50, au miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu mdogo kuliko wote aliugua.

Kipimo cha damu cha CA 19-9 msikilipie kama uchunguzi wa mtu mzima wa afya. Kinaweza kupanda bila saratani na kinaweza kuwa cha kawaida saratani ikiwapo. Anayevuta sigara kati yenu aache leo, maana sigara huongeza hatari hii karibu mara mbili.

Shemeji anataka vyombo vya mgonjwa vitengwe. Inaambukiza? (Msomaji, Singida)

Haiambukizi hata kidogo. Kuleni naye sinia moja.

Nimesikia kuna chanjo ya saratani ya kongosho. Itafika kwetu lini? (Mwalimu, Kisumu)

Chanjo ipo kwenye majaribio, lakini si kama ile ya mtoto kliniki. Haimzuii mtu mwenye afya asiugue. Hupewa aliyekwisha kuugua na kufanyiwa upasuaji, ili saratani isirudi.

Katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, timu ya daktari Vinod Balachandran ilichukua uvimbe wa kila mgonjwa baada ya kuutoa, na kampuni ya BioNTech ya Ujerumani ikamtengenezea kila mmoja chanjo yake peke yake, kwa teknolojia ya mRNA tuliyoizoea wakati wa Uviko. Waliochanjwa walikuwa 16, na walipewa pia tibakemikali na dawa nyingine ya kinga. Kinga ya wanane iliitikia. Matokeo ya ufuatiliaji wa karibu miaka mitatu yalitoka mwaka 2025: kati ya hao wanane, saratani ilirudi kwa wawili. Kati ya wanane ambao kinga yao haikuitikia, ilirudi kwa saba.

Kwa ugonjwa huu, mimi naiona hiyo ni habari kubwa. Ila watu 16 ni wachache mno kuthibitisha jambo, na huenda walioitikia walikuwa na miili yenye nguvu zaidi tangu mwanzo. Ndiyo maana jaribio kubwa zaidi likaanzishwa. Tarehe ya kufika kwetu sitakupa. Ila yeyote anayekuuzia chanjo hiyo mtandaoni ni mwizi.

Mume wangu ana saratani hii, haiwezi kupasuliwa. Ndugu wananitumia habari za vidonge vipya kila siku. Nishike lipi? (Dada, Leicester)

Pole kwa kuuguza, dada. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kongosho zina hitilafu kwenye jeni iitwayo KRAS. Wanasayansi waliifahamu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini kwa karibu miaka 40 walishindwa kuipatia dawa, kwa sababu protini yake ni laini na dawa haipati pa kushika. Dawa ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 2021, kwa saratani ya mapafu, dhidi ya aina ya hitilafu ambayo kwenye kongosho ni adimu. Vidonge unavyotumiwa huenda ni daraxonrasib, vinavyolenga aina nyingi za hitilafu hiyo. Majaribio ya mwanzo yalionyesha uvimbe ukisinyaa kwa baadhi ya wagonjwa ambao tibakemikali ilikuwa imeshindwa, na mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa hadhi ya kuharakishwa. Tumaini lake ni kuongeza muda, si kuponya, na huleta vipele na vidonda vya mdomo.

Kwa kuwa uko Uingereza, muulize daktari wake maswali mawili: uvimbe umepimwa jeni, na kuna jaribio lolote linalompokea? Usisubiri kliniki ijayo kama iko mbali.

La tatu ni la jikoni. Chakula kikipita bila kusagwa, choo kikaelea chenye mafuta, anahitaji vidonge vya vimeng'enya vya kongosho kila anapokula. Mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huko Uingereza, unataka mgonjwa kama yeye apewe, na bado wengine hukosa kwa sababu hakuna aliyeuliza. Uliza wewe.

Mama analia usiku kwa maumivu. Daktari ameandika mofini, kaka anasema hiyo ni ya kumalizia mtu. (Msomaji, Dodoma)

Mpeni, tafadhali. Mofini ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo, na mgonjwa wa saratani hawi teja. Uganda imetumia mofini ya maji ya kunywa tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na huko wauguzi waliosomea tiba shufaa (ya kumpunguzia mgonjwa mateso) wanaruhusiwa kuiandika. Hapa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wana huduma hiyo. Ile ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi, na dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyo hiyo. Isipotosha, ulizeni kuhusu sindano ya kuzima neva nyuma ya tumbo.

Mume wangu alifariki mwezi Mei. Nikisikia dawa mpya imepatikana, napata hasira badala ya kufurahi. Ni dhambi? (Mama, Tanga)

Si dhambi, mama. Ulimtaka yeye, hukutaka habari.

Ralph Steinman, mwanasayansi wa New York aliyegundua seli zinazoifundisha kinga ya mwili nani wa kumshambulia, aliugua saratani hii mwaka 2007. Alijaribu chanjo mwilini mwake, zilizotokana na ugunduzi wake mwenyewe, akaishi zaidi ya miaka minne. Alifariki Septemba 30, 2011. Siku tatu baadaye Tuzo ya Nobel ikatangazwa kwa jina lake. Kamati haikujua kwamba ameshafariki. Nawaza jinsi nyumba yake ilivyopokea habari ile ya pongezi wakiwa kwenye msiba. Hata wao, sidhani kama siku hiyo walikuwa na nafasi ya furaha.

Kama mwaka huu huwezi kusoma habari hizi, usizisome, na waambie wanao wasikutumie. Tafiti zitaendelea. Siku utakayotaka kujua, niandikie, nitakueleza palipofikiwa.