Mama amekonda, anatembea polepole na sasa anachanganyikiwa: je, ni uzee tu?

Swali: Daktari, mama yangu ana umri wa miaka 76. Nilimleta kutoka kijijini mwezi wa Januari na sasa tunaishi naye ghorofa ya nne hapa Umoja. Tangu aje amekonda na anatembea polepole. Juzi usiku alianza kuchanganyikiwa, akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Ndugu zangu wanasema ni uzee, tumwache apumzike. Nitajuaje kama ni uzee au ni ugonjwa, na je, nguvu zake zinaweza kurudi?

Jibu: Pole sana, dada. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na moja kati yake halisubiri. Uzee hauingii kwa usiku mmoja. Demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu, kwa kawaida huja taratibu, kwa miezi na miaka, hivyo mzee aliyekutambua wiki jana na leo anakuita kwa jina la marehemu ana jambo mwilini linaloutikisa ubongo. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au ya kifua, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, kufunga choo, au dawa. Usingoje homa, kwa sababu wazee wengi huugua nimonia bila joto kupanda. Mpeleke hospitali leo hii, na ubebe dawa zake zote, zikiwemo zile za mafua mlizonunua dukani, kwani klofeniramini, dawa ya mafua ambayo watu huinywa bila kufikiri, inaweza yenyewe kumvuruga mzee akili.

Kukonda na kutembea polepole ni habari nyingine, kwa maana kumekuja kwa miezi. Mwaka 2001, daktari wa wazee Linda Fried na wenzake nchini Marekani walieleza dalili tano za unyong'onyevu wa uzeeni: kupungua uzito bila kukusudia, kwa kilo 4.5 au zaidi ndani ya mwaka, kuchoka daima, mkono kulegea unaposhika kitu, mwendo wa polepole, na kutojishughulisha. Mwenye tatu au zaidi huhesabiwa kuwa amenyong'onyea, na mwenye moja au mbili yuko njiani.

Akishatibiwa na akili ikatulia, mketishe kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, kisha ainuke na kuketi mara tano huku ukihesabu sekunde kwa simu. Simama karibu naye. Zikizidi 15, au ikiwa hawezi kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, misuli ya mapaja imepungua, na huyo yuko hatarini kuanguka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu zako, ingawa najua wanasema hivyo kwa upendo. Kijijini mama alikuwa akiteka maji, akipalilia na kufuata kuku uani. Hapa mjini ngazi za ghorofa nne zimemfungia ndani, nasi watoto tunampokonya hata sufuria ili asichoke. Misuli isiyotumika huyeyuka, na ya mzee huyeyuka upesi zaidi. Mwache achambue mboga akiwa amesimama, akunje nguo, na daktari akiruhusu, ashuke na kupanda ngazi pamoja nawe, kwanza ghorofa moja tu. Kuinuka kitini mara kumi, asubuhi na jioni, ni zoezi la kutosha la kuanzia.

Zoezi bila chakula halijengi kitu. Wazee wengi ninaowaona hulala na chai na mkate, na hapo ndipo uzito unapokwenda. Ikiwa figo zake ni nzima, anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 55 anahitaji kama gramu 60, na yai moja lina takriban 6, kikombe cha maziwa 8. Omena, maharagwe na ndengu zitajaza pengo bila kuumiza mfuko. Angalia pia meno yake. Huenda anakula kidogo kwa sababu kutafuna kunamuuma.

Ukiwa hospitalini, omba apimwe presha akiwa amelala na tena baada ya kusimama, hasa kama anatumia vidonge vya presha, kwani ile ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, kizunguzungu kitamwangusha hata misuli ikiwa na nguvu. Omba pia vipimo vya damu, tezi ya shingo na vitamini B12, ambayo huweza kupungua kwa wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi.

Nguvu huweza kurudi, japo si zote. Andika sekunde za kile kiti ukutani jikoni, na umpime tena baada ya wiki nane.