Viini huungana au huyeyuka?

SWALI: Ninatafsiri makala ya fizikia kuhusu migongano ya ioni nzito, yaani atomi nzito zenye chaji ambazo viini vyake hugonganishwa. Nimeandika "viini vinaungana", mwenzangu anashikilia "vinayeyungana". Na nukleoni, yaani protoni na nyutroni, "zinahamishwa" au "zinahama" kutoka kiini kimoja kwenda kingine?

JIBU: Baki na vinaungana. "Myeyungano", neno linalochanganya yeyuka na ungana, limeshaingia katika baadhi ya maandishi ya sayansi, na kwa habari za jua halina madhara makubwa. Kwenye ioni nzito litakukwamisha. Huko Dubna, Urusi, wanafizikia waliunda oganesoni, elementi yenye protoni 118, kwa kurusha viini vya kalsiamu-48 kwenye kalifoniamu-249 (namba hizo ni idadi ya nukleoni): protoni 20 na 98 zikawa 118. Kiini hicho kipya chenye nukleoni 297 huzaliwa kikiwa na joto kali, kisha hupoa kwa kutoa nyutroni 3 na kubaki na 294. Kutoka huko kwa nyutroni wanafizikia hukuita kuvukizwa, kama maji yanavyogeuka mvuke. Sasa ukiwa umeshatumia yeyuka kwa hatua ya kwanza, msomaji wako, ambaye kwake aliyeyeyuka ni aliyetoweka, atajuaje kipi kimeungana na kipi kimepotea? (Wapo wanaolikwepa "muungano" kwa kuwa masikio huenda moja kwa moja Tanganyika na Zanzibar. Andika "muungano wa viini", yatosha.)

Nukleoni nazo zinahama. Hamishwa hudai mhamishaji, na hapa hayupo: viini vikikaribiana, nyutroni hupenya zenyewe na kuhamia upande wa pili, hata kabla ya muungano. Ukitaja zinakoelekea, tumia hamia: "nyutroni zimehamia kalsiamu."

Tofauti hii inabeba maana ya makala yenyewe. Kalsiamu-40 ikigongana na zirkoni-96 kwa nishati iliyo chini ya kizuizi cha Coulomb, yaani ukuta unaojengwa na msukumano wa chaji za protoni, huungana kwa urahisi kuliko ikigongana na zirkoni-90. Modeli inayohesabu mitetemo ya viini peke yake hutoa kiwango cha muungano kilicho kidogo kuliko vipimo vya maabara. Ikiingizwa hesabu ya nyutroni zinazohama, pengo hupungua. Ukiandika "uhamishaji wa nyutroni", msomaji atadhani kuna fundi wa maabara anayezibeba. "Kuhama kwa nyutroni" ni sahihi.

Rekebisha pia "viini zinagongana" kwenye aya yako ya pili. Nukleoni ndizo zinazochukua zi-, viini vinagongana.