Tangawizi yangu imelala au nimeiua?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina tangawizi tatu kwenye vyungu. Moja ni hii ya kawaida ya kupikia, niliipanda kutoka kipande kilichochipua chenyewe jikoni, mbili nilipewa na rafiki, moja ya hizo anasema ilishawahi kutoa maua meupe yananukia chumba kizima, nyingine hajui hata jina ila majani yake ukiyasugua yananukia kama iliki. Baridi ilivyoanza nikaziingiza zote ndani, nikaziweka karibu na hita zisisikie baridi, namwagilia kila baada ya siku moja. Sasa ile ya kupikia imekuwa njano yote inalala chini, hizo mbili ncha za majani zinakauka, na mwaka mzima sijaona ua hata moja. Naomba unisaidie, nazipenda sana hizi mimea.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kitu cha kwanza, kabla hujamaliza kusoma, hiyo ya kupikia usiimwagilie tena. Haijafa, imelala. Tangawizi asili yake ni Asia kwenye joto, sehemu zenye msimu wa mvua na msimu wa ukame, mvua ikikata majani yanakufa na nguvu yote inarudi chini kwenye tunguu, pale tunapokula sisi, inasubiri. Kwako wewe siku zimekuwa fupi na joto limeshuka, basi yenyewe imeelewa kwamba ukame umefika, halafu wewe unaimwagia maji kama vile inakunywa! Haina majani ya kuyapandisha hayo maji, yanabaki tu kwenye udongo, na hapo ndo tunguu linaoza. Tangawizi nyingi zinazokufa ndani ya nyumba majira ya baridi zinakufa kwa maji, watu wanasingizia baridi.

Fukua kidogo kwa kidole ubonyeze. Ikiwa gumu kama kiazi kibichi, na ukikwaruza ganda kwa ukucha ndani kuna unyevu na harufu ile kali ya tangawizi, iko hai. Ikibonyea na kutoa harufu ya uchafu, itoe, kata mpaka ufike sehemu safi, acha kidonda kikauke siku moja mbili ndo uirudishe kwenye udongo mkavu. Baada ya hapo kata yale majani yaliyokufa, chungu kiweke mahali penye nyuzi 13 hadi 18 hivi, hata pakiwa giza sawa tu, na uiache. Mara moja kwa mwezi iangalie, ikianza kusinyaa inyunyizie maji kidogo sana. Basi.

Hizo mbili ni habari nyingine. Zote ni jamii moja na tangawizi lakini sio tangawizi ya kupikia, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri maana maua unayoyatafuta yanategemea kujua ipi ni ipi. Ile ya maua meupe kwa maelezo yako inaelekea sana kuwa Hedychium coronarium, ndo ua la taifa la Cuba. Ile ya harufu ya iliki naona ni Alpinia. Kwanza zote mbili zisogeze mbali na hita, ile hewa kavu ndo inakausha ncha na ndo inaleta utitiri, geuza jani uangalie chini yake, ukiona vidoa vidogo na nyuzi kama za buibui peleka bafuni ukaoshe majani yote kwa maji pande zote mbili, rudia kila wiki. Ziweke dirishani penye mwanga, maji kidogo udongo wa juu ukishakauka.

Sasa mkasi. Hedychium inachanua juu kabisa kwenye ncha ya shina lililoota mwaka huo huo, na kila shina linachanua mara moja tu, kwa hiyo shina lililokwisha kutoa maua unakata bila huruma. Alpinia ni kinyume, inachanua kwenye shina la mwaka jana. Ukilikata wakati wa baridi kwa sababu limechakaa umekata maua ya mwakani. Mimi nilifanya hivyo misimu miwili mfululizo, kila nikiingiza chungu ndani nakata yote iwe safi, majani yanaota mazuri tena ya kijani, ua hakuna, na niliumia sana nilipoelewa baadaye kwamba nilikuwa nayakata kwa mkono wangu. Kwa hiyo Alpinia ilee na majani yake, kata kilichokauka kabisa tu.

Kwa Hedychium shida kubwa ya maeneo ya baridi ni muda. Shina linahitaji miezi mingi ya joto mpaka lifike kuchanua, ukisubiri majira ya joto yafike ndo uiamshe, litafika urefu wako halafu baridi inarudi kabla ya ua. Nayo hupumzika wakati wa baridi, kwa hiyo iamshe mapema, baridi ikielekea mwisho, ipeleke kwenye nyuzi 20 hadi 25, maji uanze kidogo kidogo mpaka uone vichipukizi vyenye ncha kali rangi ya waridi vinatoboa udongo, hapo sasa ipe mwanga, ipe maji ya kutosha na chungu kikubwa kizito maana inakula sana. Mbolea usichague yenye naitrojeni nyingi, utapata majani matupu, tafuta yenye potashi zaidi. Nje itoe pale usiku wa barafu umeisha kabisa, na uizoeshe jua taratibu.

Ya kupikia nayo inachanua ila mara chache sana, na inahitaji kukaa muda mrefu bila kuvunwa. Ua lake halitoki juu ya majani, linatoka chini kwenye kikonyo chake kifupi, kama koni ya kijani, na ua lenyewe ni njano hafifu na mdomo wa zambarau wenye madoa. Ukiona kitu kama hicho kinatoka kwenye udongo usikikate ukidhani ni gugu.

SWALI: Shangazi, nikiiwekea taa ya mimea isilale kabisa je?

JIBU: Inawezekana, ukiipa mwanga mkali saa 14 kwa siku na joto lisishuke chini ya nyuzi 20. Alpinia itakushukuru. Ya kupikia mimi naiacha ilale, ni kupoteza umeme bure na shina linakuwa dhaifu.

SWALI: Hedychium yangu imetoa matumba ya maua lakini baridi imeshafika, nikate niiweke ndani ilale?

JIBU: Hapana jamani, usikate! Iingize na chungu chake usiku huu huu, weka dirisha lenye mwanga kuliko yote, endelea kuimwagilia kama kawaida. Matumba yaliyokwisha kunenepa yatafunguka humo humo ndani, na jioni ndo yananukia zaidi, kaa karibu. Maua yakiisha ndo upunguze maji.